Fundi Asiye na Mwalimu: Mwongozo wa Kujifunza Ujuzi Nyumbani kwa Mkazi wa Kariakoo

Ujuzi ni uwezo wa kutenda jambo, likarudiwa tena na tena, na matokeo yakawa yale yale. Kwa maana hiyo hutofautiana na maarifa, ambayo ni yale mtu anayoyafahamu na kuweza kuyaeleza hata kama hajawahi kuyatenda. Anayeweza kueleza jinsi cherehani inavyofunga nyuzi mbili ndani ya kitambaa ana maarifa ya cherehani. Anayeshona pindo likalala bila kujikunja ana ujuzi. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha matatizo mengi ya watu wanaojifunza peke yao, kwa kuwa simu, redio na kitabu hutoa maarifa kwa wingi na kwa gharama ndogo, ilhali ujuzi haupatikani mpaka mkono, ulimi au kalamu ifanye kazi, ikosee, na kosa ligunduliwe. Mwalimu wa darasani na fundi mwenye kibanda hulipwa hasa kwa kazi hiyo ya mwisho. Maelezo wanayoyatoa yanapatikana kwingineko. Jicho lao ndilo lisilopatikana. Kwa hiyo anayetaka kujifunza bila ada anapaswa, kabla ya kutafuta video au kitabu chochote, kujiuliza ni nani au ni nini kitakachomwonyesha kosa lake atakapokuwa peke yake chumbani.

Jambo linaloulizwa hapo ni mrejesho, yaani taarifa inayomrudia mtendaji kutoka katika kazi yake na kumweleza kama alichokifanya kimekaa sawa au la. Chapati iliyoungua upande mmoja ni mrejesho. Droo ya fedha isiyolingana na daftari ni mrejesho. Mteja anayerudisha suruali kwa sababu mguu mmoja umepinda anatoa mrejesho pia, ingawa huo unamgharimu fundi jina lake mtaani. Kwa kigezo hicho, ujuzi unaoweza kutamaniwa na mtu aliye nyumbani hugawanyika katika makundi matatu yasiyolingana kwa ukubwa. Kundi la kwanza ni la ujuzi ambao kosa lake hujitangaza lenyewe, kama utunzaji wa hesabu, ushonaji, upishi, na uandishi wa programu za kompyuta, ambapo mashine mara nyingi hukataa kufanya kazi mpaka kosa lirekebishwe. La pili ni la ujuzi ambao kosa lake hujificha, na hapa lugha za kigeni ndizo zinazoongoza, kwa kuwa anayekosea matamshi kwa kawaida halisikii kosa lake. La tatu ni la ujuzi ambao kosa lake la kwanza linaweza kuwa la mwisho. Kufunga nyaya za umeme wa nyumba, ambazo hubeba volti 230, kuchezea mitungi ya gesi, kufungua betri za lithiamu za simu, ambazo huweza kulipuka moto zikitobolewa, na kutoa tiba ya aina yoyote, si mambo ya kujaribiwa chumbani kwa kufuata video. Si bure kwamba kazi ya kufunga umeme majumbani huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Anayeutaka ujuzi wa kundi hili atafute chuo au fundi mwenye leseni. Maelezo yanayofuata yanahusu makundi mawili ya kwanza tu.

Mkazi wa Kariakoo, Gerezani au Jangwani ana faida ambayo mkazi wa pembezoni mwa jiji hana: malighafi, chombo kibovu cha kufanyia mazoezi, fundi wa kumuuliza na mteja wa kumkosoa wote wako umbali wa kutembea kwa miguu. Ana hasara pia, nayo ni nafasi. Nyumba za zamani za eneo hili, zenye vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi na uani nyuma, zilijengwa kwa ajili ya maisha ya pamoja, na ghorofa zinazochukua mahali pake hazikuongeza utulivu, kwa sababu vipaza sauti vya wauzaji huanza kutaja bei mapema asubuhi. Anayejifunza hapaswi kusubiri chumba chenye kimya, maana hakitapatikana.

Kanuni moja ya gharama itangulie mengine yote: kosa liwe rahisi. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru akaja kufanya kazi Dar es Salaam, alianza kuchora karibu mwaka 1968 bila kupita katika shule yoyote ya sanaa. Alitumia mbao laini za kufungia dari na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vilivyouzwa madukani kwa bei ambayo kibarua aliweza kuimudu, akaziuza picha zake Oysterbay kwa wapita njia. Mtindo wenye jina lake umeenea duniani ingawa yeye alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye. Kwa mwanafunzi wa nyumbani, lenye manufaa katika historia hiyo kuliko umaarufu ni ule ubao: mtu anayefanyia mazoezi kitu ghali huogopa kukosea, na anayeogopa kukosea hurudia kile kile anachokiweza. Gazeti la jana, shuka kuukuu na boksi lililotupwa nje ya duka ni vifaa bora vya mwanzo kuliko vile vinavyouzwa vikiwa vimefungwa plastiki.

Daftari la duka

Hakuna ujuzi unaofaa kujifunzwa nyumbani Kariakoo kuliko utunzaji wa hesabu, na hakuna unaodharauliwa zaidi. Sababu ya kufaa kwake ni kwamba ulibuniwa, tangu asili yake, kuwa mtego wa makosa. Mfumo wa kuingiza kila muamala mara mbili, upande wa kushoto katika hesabu moja na upande wa kulia katika hesabu nyingine, ulielezwa katika kitabu cha Luca Pacioli kilichochapwa Venice mwaka 1494, ingawa wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiutumia kabla yake. Jumla za pande hizo mbili hukusanywa katika jedwali liitwalo urari, na zisipolingana, kuna mahali kalamu ilikosea. Mwalimu hahitajiki kusema hivyo. Namba zenyewe zinasema.

Hata hivyo, anayeanza asianze na urari. Aanze na droo. Kwa muda wa mwezi mmoja aandike mambo manne kila siku: fedha iliyokuwamo asubuhi, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na fedha iliyohesabiwa kwa mkono jioni. Ichukuliwe meza ya vitenge iliyofunguliwa na shilingi 40,000. Mauzo ya siku yakaandikwa kuwa 185,000, mzigo ukalipiwa 120,000, chakula 5,000, na mbeba mzigo akapewa 2,000. Daftari linadai kuwa jioni zipatikane shilingi 98,000. Zikihesabiwa 91,000, pengo la 7,000 ndilo somo la siku hiyo, na mwanafunzi asilale kabla hajajaribu kulieleza. Mara nyingi atakuta kwamba mteja alilipa kwa lipa namba, fedha ikaingia kwenye simu, lakini ikaandikwa kana kwamba imeingia droo. Kuanzia hapo ataelewa, bila kuambiwa na mtu, kwa nini fedha ya simu inahitaji safu yake peke yake, na siku hiyo atakuwa amevumbua upya kitu ambacho vitabu hukiita kutenganisha hesabu ya taslimu na hesabu ya benki. Pengo likiwa la ziada badala ya upungufu, lichunguzwe kwa bidii ile ile, kwa kuwa fedha isiyojulikana ilikotoka ni kosa, hata kama inafurahisha.

Baada ya mwezi, ziongezwe safu za wadaiwa na wadai. Baada ya miezi mitatu, ndipo mwanafunzi asome mfumo wa pande mbili katika vitabu vya shule, ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka katika maktaba yake ya mtandaoni visomwe bila malipo. Atavisoma kama mtu anayetafuta jibu la swali alilonalo tayari, na usomaji wa namna hiyo hauchoshi. Anayetaka kuhamishia daftari kwenye kompyuta anaweza kutumia LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi unaopatikana bila kununuliwa na bila kuibwa. Mamlaka ya Mapato Tanzania nayo hutoa elimu kwa mlipakodi bila malipo, na haifai kuipuuza, kwa kuwa kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo humtofautisha anayetunza kumbukumbu na asiyetunza.

Mambo mawili ya tahadhari yaongezwe. La kwanza, urari haukamati kila kosa: muamala uliosahaulika kabisa, pande zote mbili, huacha jumla zikiwa sawa, na ndiyo maana kuhesabu fedha kwa mkono hakukomi hata baada ya mtu kuwa hodari. La pili, daftari lisilale pamoja na mzigo. Moto ulioliteketeza jengo la Soko Kuu la Kariakoo mwezi Julai 2021 unatosha kuwa maelezo. Ukurasa wa kila siku upigwe picha kwa simu, na picha ihifadhiwe mahali pengine.

Cherehani na nyuzi za rangi mbili

Ushonaji hufuata hesabu kwa kufaa, lakini una gharama ya cherehani. Asiyekuwa nayo aanze na sindano ya mkono, ajifunze mshono wa kurudi nyuma, ambao kila hatua ya mbele hufuatwa na nusu hatua ya kurudi ili uzi usifumuke, kisha atafute wa kumwazima cherehani saa ambazo haitumiki. Mafundi wengi wa vibarazani hufunga jioni, na mwenye mashine anayeona kazi ya mkono iliyonyooka huwa mwepesi kuazima kuliko anayeombwa na mtu mwenye hamu peke yake.

Cherehani ya kawaida hushona kwa nyuzi mbili: wa juu unaopita kwenye sindano, na wa chini unaotoka kwenye bobini. Mshono ulio sawa ni ule ambao nyuzi hizo zinafungana katikati ya unene wa kitambaa, wala uzi wa juu hauonekani chini wala wa chini hauonekani juu. Anayejifunza na uzi wa rangi moja hawezi kuliona hilo, naye hulaumu mashine, uzi, hata sindano. Dawa yake ni ndogo mno: aweke uzi mweupe juu na mweusi chini, ashone mstari mmoja kwenye kipande cha shuka kuukuu, kisha akipeleke kipande dirishani. Nukta nyeusi zikionekana upande wa juu, mkazo wa uzi wa juu umezidi, na skrubu yake ilegezwe kidogo. Vitanzi vyeupe vikijitokeza upande wa chini, uzi wa juu umelegea, au, na hili hutokea mara nyingi zaidi kwa wanaoanza, haukupitishwa sawasawa kati ya visahani vya mkazo. Uchomolewe wote na kupitishwa upya kabla ya kugusa skrubu yoyote. Kipande hicho kiandikwe tarehe kwa kalamu, kando ya kila mstari iandikwe skrubu ilisogezwa kiasi gani, na kisitupwe.

Kazi ya kwanza kamili iwe foronya, kwa sababu ina mistari minyoofu na pembe mraba, na mto wenyewe ndio mkaguzi. Kwa mto wa sentimita 45 kwa 70, kitambaa kinakatwa urefu wa sentimita 164: mara mbili ya 70, pamoja na 20 za kifuniko cha ndani, pamoja na 4 za mapindo mawili. Upana ni sentimita 48, yaani 45 na nafasi ya mshono ya sentimita moja na nusu kila upande. Ikatwe kwanza kwa gazeti, likunjwe, lizungushwe kwenye mto, na mahesabu yasahihishwe hapo kabla mkasi haujagusa nguo. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 hivi hutoa foronya mbili ubavu kwa ubavu, na mabaki yake yanatosha mazoezi ya wiki nzima. Mto ukiingia kwa kubanwa, au kona moja ikabaki tupu kama sikio, kosa liko kwenye kukata au kwenye kushona, na futikamba itasema ni wapi. Baada ya foronya kumi za namna hiyo mtu anaweza kufikiria sketi ya mpira kiunoni. Kabla ya hapo, video za gauni la harusi ni burudani tu.

Lugha na kosa linalojificha

Biashara ya Kariakoo imefungamana na mizigo ya China, na wafanyabiashara wa eneo hili wanaofuata bidhaa Guangzhou wamekuwa wakijifunza Kichina kwa haraka na kwa masikio. Lugha hiyo inafaa kuwa mfano wa kundi la pili, kwa kuwa Kichina sanifu kina toni nne, toni ikiwa ni mwinuko au mshuko wa sauti unaobadilisha maana ya neno. Neno mai, sauti ikishuka kisha ikainuka, maana yake ni kununua. Sauti ikishuka kwa mkato, maana yake ni kuuza. Mtanzania anayelitamka kwa mwendo wa Kiswahili, ambacho hakina toni za namna hiyo, hawezi kujua amesema lipi, na mwenye duka upande wa pili anaweza kuwa na adabu ya kutosha kutomwambia.

Mwanafunzi wa lugha, basi, inambidi atengeneze mrejesho kwa mikono yake. Njia ya kale na isiyo na gharama ni imla. Atafute rekodi fupi yenye maandishi yake, ya Kiingereza, Kifaransa au Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi, yenye urefu wa nusu dakika. Aisikilize bila kutazama maandishi, aandike alichosikia, kisha alinganishe neno kwa neno na kupigia mstari kila tofauti. Mistari hiyo ndiyo makosa ya sikio lake, na kwa kawaida hurudia yale yale: mwanafunzi wa Kiingereza atakuta amedondosha viishio vya maneno, wa Kichina atakuta ameandika toni kwa kubahatisha. Baada ya hapo ajirekodi kwa simu akisema sentensi zile zile, na asikilize rekodi mbili kwa kufuatana, yake na ya mwenye lugha. Wengi huona aibu mara ya kwanza, lakini aibu hiyo hupungua kwa haraka kuliko makosa. Programu ya simu inayobadili sauti kuwa maandishi inaweza kutumiwa kama mkaguzi wa tatu: isiposikia neno lililokusudiwa katika sentensi kamili, kuna la kurekebisha, ijapokuwa inaposikia sawa haithibitishi kwamba binadamu naye angesikia sawa.

Msamiati una njia yake. Hermann Ebbinghaus, msomi wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akiwa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja, ambamo alikariri silabi zisizo na maana na kupima alivyozisahau saa na siku zilivyopita. Alikuta kwamba kusahau hutokea kwa kasi mwanzoni kisha hupungua, na kwamba kurudia kulikotawanywa katika siku kadhaa hushinda kurudia kwa mfululizo. Mwandishi Sebastian Leitner aligeuza jambo hilo kuwa sanduku katika kitabu chake cha mwaka 1972. Kariakoo sanduku hilo halinunuliwi. Boksi la viatu ligawanywe vyumba vitano kwa vipande vya kadibodi, na kadibodi nyingine ikatwe kadi ndogo, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili lugha ngeni. Kadi zote huanza chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ikijibiwa sawa husogea chumba cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku mbili au tatu, na kuendelea hivyo hadi chumba cha tano, kinachofunguliwa mara moja kwa mwezi. Ikikosewa, hata ikiwa chumba cha tano, hurudi cha kwanza. Maneno ya kuanza nayo yasitoke kwenye orodha za watalii. Yatoke kwenye ankara, lebo za maboksi na mazungumzo ya bei ambayo mwanafunzi huyasikia kila siku.

Vitabu, bando na saa

Elimu ya bure ina bei zake ndogondogo, na asiyezipanga hukwama katikati ya mwezi. Bando ndilo la kwanza. Video ya mafunzo ya mkono haihitaji picha safi sana, kwa hiyo ubora ushushwe hadi kiwango ambacho vidole vya mwalimu bado vinaonekana, ihifadhiwe kwenye simu mara moja, na itazamwe mara tatu: kwanza yote bila kusimamisha, mara ya pili kwa kusimamisha na kuandika hatua, mara ya tatu bila sauti huku mkono unatenda. Atakayeshindwa kuifuata bila sauti ajue kwamba aliyasikiliza maelezo badala ya kuitazama kazi. Kwa usomaji, programu ya Kiwix humwezesha msomaji kupakua Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo, na kuisoma bila mtandao. Khan Academy hufundisha hesabu tangu kujumlisha bila ada yoyote, na Shule Direct ina masomo yaliyoandaliwa kwa mitaala ya Tanzania. Programu za akili mnemba zinazojibu maswali nazo husaidia kufafanua kilicho kigumu, lakini huwa na uhakika ule ule zinapokosea kama zinapopatia, hivyo zisiaminiwe kwa vipimo, kodi wala dawa bila kuhakikishwa kwingine.

Kwa karatasi, Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwendo mfupi kutoka Mnazi Mmoja. Msomaji aulize mlangoni masharti na ada ya siku hiyo. Hata inapotozwa, meza, kimya na vitabu vya ufundi kwa siku nzima huwa nafuu kuliko bando la saa chache. Kamusi inunuliwe, hata kuukuu, kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara za katikati ya jiji.

Kuhusu saa, saa ya alfajiri kabla vipaza sauti havijaamka hushinda saa tatu za usiku za mtu aliyesimama dukani tangu asubuhi. Theluthi moja ya muda itumike kutazama na kusoma, theluthi mbili kutenda. Umeme ukikatika, kadi, imla ya redio ya betri na mshono wa mkono havijali.

Watu watatu barazani

Kujifunza bila mwalimu hakulazimu kujifunza bila watu, na Tanzania ina historia ya kutosha kuhusu hilo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na wadau wengine, iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa muda wa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi. Utaratibu ulikuwa rahisi: kipindi cha redio kilisikilizwa, sura ya kitabu ikasomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma asiachwe, mjadala ukafuata, kisha kikundi kikaamua jambo la kufanya kabla ya wiki iliyofuata, kama kuchimba choo au kufyeka vichaka na kufukia madimbwi ya mbu. Hilo la mwisho ndilo linalokosekana katika makundi mengi ya WhatsApp ya siku hizi, ambako viungo vya video hutumwa kwa mamia na hakuna anayeulizwa amefanya nini.

Watu watatu wanatosha, na zaidi ya watano ni wengi. Wakutane mara moja kwa wiki, barazani au uani, na kila mmoja aje na kitu kilichofanywa kwa mkono: kipande cha mshono, ukurasa wa daftari, rekodi ya sauti. Asiyekuja na kitu asikilize tu. Si lazima wote wajifunze ujuzi mmoja, kwa kuwa asiyejua kushona anaweza kuona kwamba pindo limepinda, na mara nyingi huliona kabla ya aliyelishona.

Mara moja kwa mwezi, kazi iliyo bora ipelekwe kwa fundi wa kweli. Namna ya kuomba ina uzito wake. Fundi anayekutwa ana kazi mezani asipewe hadithi ndefu; yatosha shikamoo, kitu mkononi, na swali moja lenye jibu fupi: «Fundi, naomba unioneshe hapa nilipokosea ni wapi.» Anayeuliza «naomba unifundishe kushona» anaomba uanagenzi, yaani mafunzo ya kukaa na fundi kwa miezi mingi kwa ada au kwa nguvu za kazi, na ana haki ya kutajiwa bei. Anayeuliza kuhusu kosa moja anaomba dakika moja, na dakika hiyo hutolewa. Jibu liandikwe hapo hapo nje ya kibanda, kwa maneno ya fundi mwenyewe, kabla halijageuzwa na kumbukumbu.

Ujuzi na hati

Itafika siku ambapo mtu aliyejifunza mwenyewe ataombwa cheti na mwajiri au mwenye zabuni. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi, ambao kwa Kiswahili chepesi ni kumpima mtu kwa kile anachokiweza tayari, popote alipokipata, bila kumrudisha darasani tangu mwanzo. Mwombaji hupimwa kwa vitendo na kwa maswali ya fani yake, na pale anapopungukiwa huelekezwa cha kujifunza zaidi. Masharti, fani zilizo wazi na gharama za wakati husika ziulizwe kwenye chuo chenyewe, cha Chang'ombe kikiwa karibu zaidi na wakazi wa Kariakoo, wala si kwa madalali wa vyeti.

Kwa ajili ya siku hiyo, na kwa manufaa yake mwenyewe kabla ya siku hiyo, mwanafunzi awe na boksi la pili, mbali na lile la kadi, ambamo kila kipande kilichoharibika kinawekwa kikiwa na tarehe: mstari wa nyuzi nyeusi na nyeupe, ukurasa wa pengo la 7,000, karatasi ya imla yenye mistari myekundu. Kila baada ya miezi mitatu alifungue, apange vilivyomo kwa tarehe juu ya mkeka, na aanze kipindi kinachofuata na kosa lililojirudia mara nyingi zaidi.